Mgongo wa Kumbeba Mwali

Niseme ukweli tangu mwanzo: ruksa ya biashara ndiyo iliyoninenepesha. Kabla ya hapo, miaka ya foleni, nilikuwa na kiuno. Sukari ilikuwa ya kupanga mstari, sabuni ya kupanga mstari, na mstarini penyewe unasimama tangu alfajiri tumbo tupu, halafu unaambiwa imekwisha, njoo kesho. Nani atanenepa hapo? Kisha milango ikafunguliwa, na maduka ya Lindi mjini yakajaa vitu ambavyo tulikuwa tumeshasahau ladha yake. Mafuta ya kupikia kwa madumu, maziwa ya kopo, biskuti, soda baridi. Mimi nami nikaacha jembe, nikafungua kibanda cha mitumba karibu na soko, nikaketi juu ya kigoda. Nilikaa juu ya kigoda kile mpaka kikapasuka, nikanunua kiti.

Watu walinisifu. "Mashallah, biashara imekukubali," wanasema, na mimi naagiza chapati nyingine. Asubuhi chai ya maziwa na maandazi manne, mchana wali wa nazi, jioni chochote kinachokaangwa kando ya barabara, na chumvi naongeza kabla sijaonja. Kutembea nilikuwa sitembei. Kutoka kibandani hadi nyumbani ni mwendo wa kumaliza muwa mmoja, lakini nilikuwa napanda baiskeli ya kukodi, na waendesha baiskeli wakiniona naja walianza kutazama upande mwingine.

Sasa, kulikuwa na jambo moja. Dada yangu mkubwa alifariki binti yake akiwa darasa la pili. Siku zake za mwisho alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu akifikia siku yake ya kutolewa ndani, umbebe wewe. Usimwachie mtu." Kwetu mwali akimaliza kufundwa hatoki chumbani kwa miguu yake. Hubebwa mgongoni na mwanamke aliyechaguliwa, akazungushwa nyumba mara tatu kwa ngoma na vigelegele, na mguu wake hauruhusiwi kugusa chini mpaka atuliwe mkekani mbele ya watu. Ukigusa, ni aibu ya ukoo mzima, na kila balaa litakalompata maishani litahesabiwa limetoka hapo. Mimi mwenyewe nilibebwa na dada. Nakumbuka joto la shingo yake na jinsi alivyokuwa akinitania njiani kwamba mimi ni mzito kama gunia la mbaazi mbichi. Basi nikamwahidi. Siku ile ahadi haikuwa na uzito wowote.

Binti nikamlea mimi. Alipomaliza darasa la saba, shangazi yangu akaja kutoka Kitomanga kupanga mambo. Shangazi ndiye nyakanga wa kwetu, yaani mkuu wa wanawake wanaofunda wali, na ni mtu mdogo wa mwili ambaye ulimi wake una mwili mara mbili. Alinikuta nimekaa. Kunyanyuka kwangu siku zile kulikuwa na hatua tatu: kushika ukuta, kuita jina la Mungu, kisha kunyanyuka.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nani atambeba huyu mtoto?"

"Mimi. Si unajua nilimwahidi dada."

Alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, taratibu, kama mtu anayekagua nyumba aliyoambiwa inapangishwa. "Wewe mwenyewe unahitaji kubebwa," akasema. "Nina jirani yangu kule, mwanamke wa shamba, anajitwika gunia la korosho peke yake. Mavuno yakishaingia ndani tunamtoa mtoto, na atambeba yule."

Jirani. Mtu baki kabisa. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na siku hiyo nilimpikia shangazi huku nikigonganisha masufuria, naye akala, akarudi kwake. Usiku ule nilimlilia dada yangu upya.

Kesho yake nikaenda hospitali kuulizia dawa ya magoti. Nesi, msichana ambaye ningeweza kumzaa, akanipima presha, akapima tena, akaniambia, "Mama, magoti yako hayaumwi. Yamechoka. Punguza chumvi, punguza mafuta, tembea." Nilimwona hana adabu. Nilitaka vidonge, yeye ananipa mwendo. Nikarudi nyumbani kwa baiskeli.

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Wiki ile nilifungua robota jipya la mitumba, la mapazia na mashuka, na ndani yake nikakuta kitambaa kikubwa cheupe kilichochapwa picha kumi na mbili za mwanamke mmoja. Hapa amesimama kwa mguu mmoja, hapa amejikunja kichwa magotini, hapa amelala kifudifudi amenyanyua kifua kama mjusi anayeota jua. Nikakitundika nje kivutie wateja. Kilivuta, ila si wanunuzi. Mmoja alisema ni ngoma ya Ulaya, mwingine akasema huyo mwanamke anaumwa na tumbo na hizo ni siku kumi na mbili za kuumwa kwake.

Aliyekitambua ni mama wa Kihindi mwenye duka la vitambaa mtaa wa pili. Yule mama alikuwa na ugomvi na mimi. Mitumba yetu ilikuwa imemharibia soko, na kila akipita alikuwa akivuta nguo zangu kwa vidole viwili kama anayeshika samaki aliyeoza. Siku ile alisimama, akatazama picha, akacheka mpaka akashika meza.

"Hii yoga," akasema. "Mama yangu alinifundisha nikiwa mdogo, hapa hapa Lindi. Unauza shilingi ngapi?"

Nikamtajia. Akatikisa kichwa. "Usiuze. Mwenye shida nacho ni wewe."

Ningemjibu, na jibu nilikuwa nalo la moto. Lakini akaangusha funguo zake, akachuchumaa kuziokota, akasimama. Hakushika kitu. Mama mwenye mvi kichwa kizima, anachuchumaa na kusimama kama msichana anayechota maji. Nikamwambia habari yote: dada, ahadi, jirani wa Kitomanga na gunia lake la korosho. Akasikiliza, akaniambia, "Njoo dukani kesho kabla sijafungua."

Nikaenda na binti, maana peke yangu niliona haya. Nilitangulia kumuuliza yule mama kama haya mambo ni ibada, kwa sababu mimi nina dini yangu. "Ibada yangu nafanya nikimaliza," akasema. "Hii kunyosha mgongo tu. Lala chini." Tukalala nyuma ya duka, katikati ya majora ya vitambaa. Akanifundisha kitu cha kwanza ambacho nilidhani nakijua, kupumua. Vuta kwa hesabu ya nne, toa kwa hesabu ya sita. Nikasema haya mambo gani, mbona napumua tangu nizaliwe. Akaniambia, "Wewe hupumui. Wewe unahema."

Kwa kuwa nikihesabu mwenyewe nilikuwa naruka namba ili niwahi kumaliza, kazi ya kuhesabu akapewa binti. Kila alfajiri baada ya sala tulitandika mkeka uani, kitambaa tumekitundika kwenye kamba ya kuanikia, na yeye anahesabu: "Moja, mbili, tatu, nne. Toa, mama mdogo." Siku za kwanza nilimchukia yule mtoto kwa mapenzi yote. Picha ya tatu niliifanya nikakwama, akaniinua akiwa anacheka na mimi nikiwa natukana. Kuku walizoea kuja kututazama.

Mafuta nikapunguza, na hapo ndipo palipouma. Mtu aliyepitia miaka ya foleni kumwambia aache chapati ni kumwonea. Lakini nilirudia vile vyakula vya shangazi: kisamvu cha karanga, muhogo wa kuchemsha, mbaazi, kibua wa kuchoma na ndimu. Yule mama wa Kihindi alinifundisha kula polepole, tonge moja nalimaliza ndipo nalitazama la pili, na nikagundua kwamba miaka yote ile nilikuwa nameza chakula bila kukila. Ndimu ilinirudishia utamu wa samaki hata chumvi sikuikumbuka. Jioni nilipandisha kilima cha Mtanda kwa miguu na binti, tunatazama bahari, tunashuka tunagombea njugu. Nilifurahi. Sina namna nyingine ya kusema, nilikuwa na furaha ya bure kabisa, ya kuamka asubuhi na kukuta mwili hauna ugomvi na mimi. Siku niliyonyanyuka kwenye kiti bila ukuta, nilikaa tena makusudi ili ninyanyuke mara ya pili.

Nguo zikaanza kunipwaya. Nikadhani watu watanipongeza. Wapi. Miaka ile mtu akikonda, maana yake ilikuwa moja tu. Vijana wa sokoni wakanong'ona kwamba nimekanyaga miwaya, yaani nimepata ugonjwa ule. Mteja mmoja akanunua blauzi, akaenda kuichemsha. Tulikuwa tumezika wengi, kwa hiyo siwalaumu walioogopa, ila niliumia. Na maneno yana miguu kuliko mimi, yalifika Kitomanga kabla yangu.

Mavuno yalipoingia ndani nikampeleka binti kwa shangazi, akawekwa ndani, nami nikawa naenda na kurudi. Wiki ya kumtoa nikafika na mzigo wangu kichwani. Shangazi alikuwa uani anapepeta mpunga. Akaacha ungo, akanishika mkono juu ya kiwiko, akaupima kwa vidole.

"Yule jirani yangu nimeshamwambia ajiandae," akasema.

"Shangazi, mimi si mnene tena."

"Ndiyo maana."

Nikacheka kwa hasira. Mwanzo nilikuwa mnene mno, sasa nimekuwa mwembamba mno, na mwenye mgongo wa sawasawa duniani ni mwanamke wa korosho peke yake. Nilikuwa tayari kumwaga yote niliyoyabeba tangu Lindi. Kisha nikaona macho ya shangazi yamejaa maji, yeye ambaye hata msibani huwa anatoa amri.

"Nimemzika dada yako," akasema. "Usinifanye nikuzike na wewe. Pumzika. Mtoto atabebwa."

Hasira ikaniisha pale pale. Kumbe alikuwa ananiogopea. Nikamweleza habari ya kitambaa, mama wa Kihindi, kisamvu, kilima. Akasikiliza kama mtu anayesikiliza mgonjwa anayejifariji. Nikaona maneno hayafui dafu. Nikamgeuzia mgongo, nikachuchumaa.

"Panda, shangazi."

"Nipande wapi?"

"Mgongoni. Nikikuangusha, mpe jirani yako."

Aliniita mwendawazimu kwa Kimwera, akaniita mtoto asiye na heshima kwa Kiswahili, na wakati anaendelea kuniita nilivuta mikono yake mabegani, nikavuta pumzi kwa hesabu ya nne, nikasimama. Alipiga ukelele mmoja. Nikaizunguka nyumba. Wanawake waliokuwa jikoni walitoka na miiko mikononi. Mzunguko wa pili shangazi aliacha kunipiga begani akaanza kushika khanga yake isidondoke, na wa tatu alikuwa anawapungia mkono. Nilipomtua, akajikung'uta, akaurudia ungo wake.

"Mwambieni jirani akapumzike," akasema.

Siku yenyewe ikafika, na uwanja ulijaa. Binti alikuwa amefunikwa khanga gubigubi, ameinamisha kichwa. Mwali akitolewa hasemi neno wala hainui macho mpaka mkekani, ndivyo alivyofundishwa wiki zote zile. Nikachuchumaa, wakamfunga mgongoni mwangu, nikasimama, vigelegele vikapasuka. Shangazi alitangulia hatua mbili mbele yetu akiimba, na sikio lake halipitwi na kitu.

Mzunguko wa kwanza nilikwenda kwa maringo. Wa pili nikagundua kwamba shangazi alikuwa na uzito wa kuku ukilinganisha na huyu mtoto niliyemlisha mwenyewe. Wa tatu, nyuma ya jiko, goti la kushoto likaanza kutetemeka. Nikamkumbuka dada, nikaogopa, na woga ulinifanya nibane pumzi. Macho yakaanza kuingia giza. Niliuona mguu wa binti unaning'inia karibu na mchanga, na mkeka ulikuwa bado mbali.

Ndipo nikasikia sauti ndogo ndani ya khanga, sikioni kwangu. "Moja. Mbili. Tatu. Nne. Toa, mama mdogo."

Nikatoa. Goti likakaa. "Moja," akaanza tena, mwali asiyetakiwa kusema neno.

Shangazi aligeuka. Alikuwa amesikia, sina shaka hata kidogo. Alitutazama sote wawili, mimi nimelowa jasho na yeye yuko chini ya khanga anahesabu, na nikangoja atoe hukumu yake mbele ya watu wote. Akageuka mbele, akaupandisha wimbo kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake, wanawake wakampokea, ngoma zikaongezwa, mpaka pasiwe na mtu ambaye angeweza kusikia kitu kingine chochote. Chini ya kelele ile binti aliendelea kunihesabia, sasa bila kunong'ona, mpaka mkekani.