Ng'ombe Wote wa Mzee Lesiamon Kwenye Skrini

Wananchi wa Kitengela, Isinya mpaka Bisil, simameni wima! Mnatangaziwa kwamba Soipan, mwandishi wa programu, ameihamisha programu kongwe ya kliniki ya mifugo ya Parsaoti kutoka fremuweki, yaani kiunzi cha kujengea programu, ya enzi za mababu, akaijenga upya juu ya fremuweki ya kisasa. Kuanzia leo kompyuta ya mezani itakimbia kama swara. Wenye moyo dhaifu washikilie viti.

Haikukimbia. Ililala.

Yaani kufunguka ilifunguka upesi, tuseme ukweli. Lakini ukigusa jina la mfugaji, skrini inaganda, na foleni ya watu wanaotaka dawa inarefuka hadi kwa muuza mitumba. Parsaoti, ambaye hubonyeza kibodi kwa kidole kimoja kama anayetoboa chungwa, akawaka mbele ya wateja.

"Soipan, umeniletea gari mpya inavutwa na punda! Saa sita ikifika bado iko hivi, narudisha ile ya zamani, na wewe urudi kwenu Ngong."

Soipan aliuma meno. Miezi ya kazi itupwe kama maganda? Alikuwa ameshapima: fremuweki haikuwa na kosa. Muda wote ulikuwa ukiliwa na picha. Kabla ya kuonyesha ugonjwa au dawa, programu ilileta kwanza picha ya kila ng'ombe wa mfugaji, jinsi ilivyotoka kwenye simu, kubwa kama bango la kuuza ploti. Nani aliamuru upuuzi huo tangu programu ya zamani? Bwana mkubwa mwenyewe.

"Boss, si lazima zikuje zote. Tulete zile zinaonekana tu, tena ndogo. Zingine zifuate ukishuka chini."

"Ati nini? Mzee akifika unamsalimia, unauliza watoto, unauliza ng'ombe. Zote! Ndio uongee mambo ya dawa. Unataka kompyuta yangu ikose adabu?"

"Adabu gani, na ndama za watu zinakufa huko nyumbani?"

Kuna watu huhamia nyumba mpya na kunguni wao wa zamani, kisha wanamtukana fundi.

Soipan akampa mgongo, akabadilisha bila ruhusa, akigonga kibodi kana kwamba ni kichwa cha mtu fulani. Saa sita ikikaribia akaingia Mzee Lesiamon, tajiri wa Bisil, ambaye ng'ombe wake wakivuka barabara unaweza kuchemsha maharagwe yakaiva. Parsaoti akagusa jina lake, matusi yakiwa tayari mdomoni. Ukurasa ukafunguka papo hapo: ng'ombe wachache juu, dawa kando.

"Pole mzee," Parsaoti akababaika, "zingine zako zinakuja..."

"Ng'ombe si uniulize kwa mdomo? Niko hapa. Nipe dawa niende."

Parsaoti akapanua kifua na kuigeukia foleni.

"Mnaona? Teknolojia! Mimi niliona mbali. Soipan, hebu elezea wazee siri ya hii fremuweki mpya."

Soipan hakuinua macho.

"Hakuna siri. Nimepunguza picha."