Njia ya Wamama na Mtu Aliyeipandia Miti

Nimeusoma ujumbe wa mjukuu wake mara tatu tangu asubuhi, na bado najikuta nikisubiri simu ilie, nisikie, "Karani, uko?"

Alphonse Bosenge amefariki nyumbani kwake Kabondo, Kisangani. Wanamzika kesho. Alikuwa rafiki wa mwisho niliyebaki naye kutoka ujana wetu.

Naandika kutoka Kigoma, nilikokimbilia nikiwa kijana na nikazeekea. Wengi wenu hamkumjua, basi nipeni dakika chache.

Miaka ya hamsini, mji ulipokuwa ungali ukiitwa Stanleyville, tulifanya kazi pamoja kwenye bustani za mji. Mimi nilikuwa karani wa kitalu cha miche. Yeye alikuwa mtunza bustani, mtoto wa wavuvi wa kwenye maporomoko. Vidole vyake vilijua kamba kuliko vyangu vilivyojua kalamu.

Kati ya mto na soko kulikuwa na uwanja wa nyasi. Wamama walioshuka kwenye mitumbwi na mizigo kichwani walikuwa wameukata kwa miguu yao. Njia yao ilikuwa nyembamba, na ilipinda katikati bila sababu ya kuonekana.

Chef wetu, yaani mkuu wa kazi, Mbelgiji mmoja, alitaka pawe bustani ya kupendeza. Akachora njia iliyonyooka kama rula, na flamboyan, ile miti ya maua mekundu, pande zote mbili. Njia ya wamama ifungwe.

Alphonse akaitazama karatasi. "Chef, pale katikati mayi inalalaka. Wamama wanajua, ndiyo maana wanazunguka."

"Wewe panda tu."

Akapanda.

Mvua kubwa zilipokuja, miche ilisimama ndani ya maji wiki mbili, ikaoza mizizi. Chef alifika na mabuti yake, akaitazama. Pembeni mama mmoja alikuwa akipita na beseni la samaki kichwani, miguu mikavu kabisa.

"Bon," chef akasema. "Alors, tunafuata wamama."

Alphonse hakumcheka. Alinicheka mimi, maana ndimi niliyeunakili ule mchoro kwa wino mzuri.

Kisha wakaja mbuzi. Miche mipya, kando ya njia ya wamama, haikumaliza siku nne. Alphonse akaenda kwa wajomba zake maporomokoni, akarudi na vikapu vikuukuu vya kunasia samaki, vile virefu vyenye mdomo mpana, vilivyokwisha kutoboka. Akavifunika juu ya miche, kimoja kimoja, na kuvifunga kwa kamba za msituni kama alivyofundishwa na baba yake. Waya wa ofisini aliukataa. Alisema unakula ngozi ya mti.

Wamama wa soko hawakumwacha.

"Alphonse, leo umevua mbuzi ngapi?"

"Tatu, mama. Ya nne imeenda kuita ndugu zake."

"Na hii miti yako inaota sawa ndevu yako! Moja hapa, moja kule!"

"Ngoja kidogo. Kivuli ikikuja, utanipikia."

Walimpikia kweli. Nilikula naye sombe yao, kisamvu kile, na samaki wa kukaushwa, tumeketi pembeni ya njia yao. Sijala sombe nzuri kama hiyo tena.

Sasa niseme jambo ambalo linaniuma.

Kila mti uliopandwa mjini uliingia kwenye daftari langu: aina yake, mahali, na aliyeupanda. Katika safu hiyo ya mwisho niliandika jina la chef kwa miti yote. Ndivyo nilivyoelekezwa.

Alphonse hakujua kusoma, lakini alijua safu ile ni ya nini. Siku moja aliinama juu ya meza yangu.

"Karani, weka jina yangu pale chini. Kadogo tu."

Nilicheka. Nilimwambia kitabu cha serikali si ukuta wa shule, kila mtu ajichoree. Ukweli ni kwamba nilikiogopea kiti changu.

Alichukua kofia yake, akarudi kwenye miche. Hakuniomba tena.

Tulipotezana miaka mingi, hadi mjukuu wake aliponitafuta hapa mtandaoni. Tangu hapo tulizungumza karibu kila Jumapili.

Mwaka jana picha ya zamani ya njia ile ilizunguka sana. Bila shaka mliiona. Chini yake watu waliandika: "Tazameni Wazungu walivyotuachia mji mzuri."

Nilimtumia. Mjukuu akamshikia simu karibu na macho.

"Mti ya tatu imeinama," akasema. "Ni ile mbuzi alikula kichwa."

Nikamsomea maneno ya watu. Akacheka kile kicheko chake cha puani.

"Lakini, ndeko," akaniita, yaani ndugu, "karani alikuwa nani?"

Nikamwahidi kwamba safari hii nitaandika jina lake. Nilitaka iwe kazi safi, kila mti mahali pake. Nikaandika, nikafuta. Miezi ikapita. Mtu wa umri wangu anajua vizuri hatari ya kusema "wiki ijayo", na bado nilisema hivyo.

Daftari lile sijui liko wapi. Huenda mchwa walilimaliza zamani. Kwa hiyo naandika hapa. Nanyi mnaoisambaza picha ile, nawaomba muisambaze pamoja na mstari huu:

Flamboyan. Njia ya wamama, kutoka mtoni hadi sokoni. Aliyepanda: Alphonse Bosenge.

Nimechelewa, ndeko. Unisamehe, na ulale kwa amani.