Nilizika Maharage Mabichi Mara Mbili

Asubuhi ile naikumbuka kwa shavu, mwanangu, maana shavu ndilo lililogonga saruji ya bomba pale mtaani kwetu Bombambili. Ndoo ikabingirika, wanawake wakapiga kelele, "Kandida amekufa!" Mimi nawasikia, mdomo haufunguki. Ilikuwa siku ya tisa bila chakula, na bila sindano yangu ya kisukari.

Aliyenifikisha pale ana jina. Ni Kasiani, muuza mizizi, mwenye meza na kipaza sauti sokoni. Alinisikia nikilalamikia sindano, akasema, "Mama, mwili ukinyimwa chakula unakula uchafu wake wenyewe. Wazungu wameshagundua. Funga siku kumi na nne, kunywa mzizi wangu, sindano tupa chooni." Nikatupa. Darasa la nne nililoishia lilinitosha kusoma chupa yake, halikunitosha kumuuliza swali.

Nilizindukia hospitali. Nesi, binti wa kumzaa kabisa mimi, akanieleza kuwa seli zangu zilikuwa zinajila.

"Selo? Kwani nimekamatwa?"

Alicheka mpaka akashika kitanda. "Seli, mama. Vile vyumba vidogovidogo vya mwili." Akaniuliza kwetu wapi. Nikasema Mbinga. "Basi ngoro unazijua."

Nisizijue! Sisi Wamatengo tunafyeka majani, tunayapanga miraba, tunayafunika udongo tunaouchimba katikati, panabaki shimo: ndiyo ngoro. Yanaoza, yanalisha maharage. Nesi akasema seli nayo hufanya hivyo hivyo. Njaa au shida ikiingia, hukusanya vilivyochakaa ndani yake, huvifunga kwenye kifuko, huviyeyusha, ikapata vya kujijengea upya. Chakula kikirudi, insulini, ile iliyokuwa kwenye sindano yangu, huiambia: kipo, pumzika.

"Sauti hiyo ndiyo uliyoitupa chooni, mama. Sukari imejaa kwenye damu, seli zinadhani ni njaa. Mwili ukala mpaka nyama na mafuta yake, damu ikajaa tindikali."

Nikalia, maana kosa hilo la kuzika kizima pamoja na kilichochakaa nililifanya nikiwa msichana. Uvivu ulinishika, nikafukia majani pamoja na tuta la maharage mabichi lililokuwa pembeni, yana maua. Bibi yangu aliyafukua kwa mikono, shina kwa shina. "Kandida, umetuzikia mboga! Jembe halina macho, na wewe pia huna?"

Sasa ninayo. Najichoma sindano yangu kama nilivyoelekezwa, nakula kwa saa, na mwaka huu nimechimba ngoro mwenyewe kwenye mteremko njia ya Peramiho, wanangu wakihema nyuma yangu. Jumamosi nikasimama na kapu la maharage mbele ya meza ya Kasiani.

"Shikamoo, marehemu!" akanitania mteja mmoja anayenifahamu.

"Marahaba. Muulize daktari wako huyo alinizika wapi."

Wateja wakatawanyika, meza ikabaki haina mnunuzi.

Mwanangu, ukweli uliokatwa nusu ndio ulionilaza kwenye saruji. Mwili unajisafisha, ndiyo, lakini una kipimo chake. Kama unaumwa, usifunge wala usiache dawa kabla hujamuuliza anayekutibu. Mungu akupe afya, akupe shamba linaloitika, akupe na macho ya bibi yangu.

Na wewe Kasiani, mimi nimerudi kwa miguu yangu. Wale wengine uliowatupisha sindano wako wapi? Washa kipaza sauti chako, hapo hapo sokoni, utujibu.