Mama Cheche na Umeme wa Baraza

Mtaa mzima wa mafundi ulimwita Mama Cheche, kwa sababu cheche zilimfuata kama kuku wanavyomfuata mwenye mtama. Kazi ya kuchomelea vyuma aliipokea kwa mumewe, ambaye macho yalimchoka kabla ya mikono. Siku aliyoshika mashine mara ya kwanza, majirani walijaa mlangoni wamtazame mwanamke akijiunguza. Na kweli alijiunguza kidole gumba. Akakifunga kitambaa, akaendelea. Geti likatoka limepinda kidogo, lakini mwenye nalo, fundi cherehani wa mlango wa pili, akakataza lisirekebishwe.

"Liache hivyo hivyo," alisema. "Wezi watadhani limeshavunjwa."

Miaka ikaenda, mageti yakanyooka. Mama Cheche akachukua wasichana wawili wa kufanya nao kazi. Wote walikuwa wamemaliza shule na kukaa nyumbani hadi wakachoka kuulizwa na wajomba wataolewa lini. Sasa walijua kukata bomba na kujibu wajomba.

Ndipo baraza la mji lilipopitisha sera mpya ya nishati. Umeme wa mtaa wa mafundi ukatwe asubuhi, urudishwe jioni, ili mji uwe na akiba ya kumvutia mwekezaji wa kiwanda kikubwa. Kiwanda chenyewe kilikuwa bado picha ukutani pale kwenye ukumbi wa baraza. Mtaa ukanyamaza. Kinyozi akarudia mkasi, wateja wakatoka na vichwa vyenye ngazi. Fundi cherehani akarudi kwenye cherehani ya kukanyaga, magoti yakamlilia. Wale wasichana wawili wakarudi kwa wajomba.

Diwani wa mtaa alikuwa shemeji yake Mama Cheche, mdogo wa mumewe. Jumapili alipokuja kula, Mama Cheche alimwekea sahani ya wali na mchuzi, kisha akakaa, mikono magotini.

"Shemeji, kijiko kiko wapi?"

"Kinakuja. Kwa sasa tumebandika picha yake ukutani."

Mumewe alicheka mpaka akapaliwa. Diwani hakucheka.

"Haya mambo ni ya kitaalamu, shemeji. Njoo kikaoni usikilize mwenyewe. Lakini mabenchi ya nyuma ni ya kusikiliza tu. Tafadhali, usiniaibishe."

Alikwenda, na aproni yake ya ngozi mwilini. Asubuhi yote walijadili nishati, wakajipongeza. Mchana wakafika kwenye ukosefu wa ajira. Mwenyekiti wa baraza akakohoa, akasema tatizo ni vijana wenyewe, wanachagua kazi.

Mama Cheche akasimama. "Mwenyekiti, wawili walikuwa na kazi kwangu. Hawakuiacha. Mmewatoa ninyi, asubuhi hii mkapigiana makofi."

"Mama, kaa chini!"

"Tangu mlipokata umeme nimekaa tu. Kukaa nimechoka."

Mlinzi alimtoa kwa kumshika kiwiko, taratibu, kama mtu anayemsindikiza mama mkwe. Shemeji yake alikuwa ameinamisha uso mezani.

Usiku huo hakulalamika. Alizunguka mlango kwa mlango, akiwaambia mafundi jambo moja: kuna nyumba moja mjini ambayo umeme wake haukatwi, nayo ni yetu sote. Wengine waliogopa. Kinyozi alisema atafikiri, na kulipopambazuka yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika na kiti chake.

Kikao kikiingia siku ya pili mle ndani, walijipanga kwenye baraza ya nje ya ukumbi, wakachomeka mashine zao kwenye soketi za ukutani. Kinyozi akanyoa, fundi cherehani akapiga mishono, seremala akaranda mbao. Mama Cheche na wasichana wake, aliowafuata usiku ule kwa wajomba, walileta grenda, mashine ya kusagia chuma. Alipoigusisha na chuma, sauti ya mwenyekiti mle ndani ilimezwa yote.

Mlinzi akaja mbio. "Mama, hii ni ofisi ya umma!"

"Na sisi ni nani, mwanangu? Ng'ombe?"

Mlinzi akapapasa kichwa chake, akamwangalia kinyozi, akauliza kama foleni ni ndefu.

Mwenyekiti akaona dawa ni moja. "Zimeni umeme wa jengo lote!"

Ukazimwa. Grenda ikanyamaza, na feni zote za ukumbini nazo zikasimama. Vipaza sauti vikafa. Madiwani walibaki ndani ya makoti yao, joto likipanda, jasho likiwatiririka hadi kwenye kola. Mama Cheche akaegemea dirisha.

"Karibuni mtaa wa mafundi," akawaambia.

Walivumilia, wakajipepea kwa karatasi, wakajifanya kujadili maji taka. Mwishowe shemeji yake alisimama, akavua koti, akafungua madirisha yote. Akasema kwa sauti kavu kwamba anaomba sera ile ijadiliwe upya, na kwamba angepaswa kuomba hivyo tangu mwanzo. Kura zilipishana kidogo sana, lakini hoja ikapita. Umeme ukarudi mtaani. Ungekatwa siku moja tu kwa wiki, na siku hiyo hiyo wa ukumbi wa baraza nao ukatwe.

Haikuishia hapo. Baraza lilikuwa limemwahidi Mama Cheche kazi ya madawati ya shule. Mwenyekiti akamwita ofisini, mlango ukafungwa.

"Omba radhi mbele ya baraza, madawati ni yako. Neno moja tu, mama. Litakupunguzia nini?"

Mama Cheche aliyafikiria madawati yale. Aliyahitaji, hilo hakumficha mtu.

"Ningekuwa nimekosea, mwenyekiti, ningekuomba radhi bure," alisema. "Kwa kuwa sijakosea, hata kwa madawati siombi."

Kazi ikapewa fundi wa mji mwingine. Nyumbani mumewe akamuuliza kama anajuta.

"Nimekasirika," alijibu. "Kujuta ni kitu kingine."

Kesho yake walifungua mapema, yeye na wasichana wake. Na kikao cha baraza kilichofuata, mabenchi ya nyuma yalijaa mafundi waliovaa nguo za kazi, hata nafasi ya kusimama ikawa ya kugombania.