Mlimau wa Mama Povu

Mama Povu anatutengeneza nywele sisi wanawake wa mtaa huu, na anatugombeza bila kubagua. Ukitikisa kichwa, kitana kinakugonga. Lakini mlimau wake ulipoanza kufa alinyamaza, na saluni nzima ikapoa.

Mlimau huo umepandwa kwenye pipa lililokatwa, hapo barazani. Mama mkwe wake alimkabidhi kabla hajafariki, mbele ya binti yake wa kumzaa, na binti hakusahau. Majani yalipogeuka njano, mishipa tu ikibaki kijani, alikuja akasimama mlangoni.

"Wifi yangu, mkono wako una moto, unaunguza mimea. Mvua zikikatika nakuja na mkokoteni. Mti wa mama haufii kwako."

"Njoo," alijibu Mama Povu, lakini kwa unyonge.

Kila mteja akawa daktari. Mmoja alileta samadi, mwingine misumari yenye kutu, eti mti umekosa chuma. Mimi nilipendekeza maombi. Majani yakazidi kupukutika.

Siku moja alikuwa ananiosha dawa ya kulainisha nywele. Shampoo yake ni ile ya kugeuka rangi: povu likiwa la waridi, dawa bado imo kichwani, likiwa jeupe, umesalimika. Povu langu likatoka waridi, likashuka kwenye ndoo chini ya beseni. Mikono yake ikasimama. Kwa kuwa hapendi kumwaga maji ovyo, maji ya ndoo hiyo ndiyo aliyokuwa akimwagilia mlimau kila siku.

Akaniacha hapo hapo, maji yakiniingia masikioni. Alichota udongo wa pipa, akaukoroga na maji ya mvua kwenye bakuli, akangoja utulie, akadondoshea shampoo. Waridi! Akajaribu udongo wa uani. Povu jeupe.

"Dawa ya nywele imeufanya udongo kuwa wa magadi!" alipiga kelele. "Chuma kimo humo humo, mti hauwezi kukila tu!"

Kikulacho ki nguoni mwako, na hapa kilikuwa ndooni.

"Na mimi je?" niliuliza.

"Wewe hufi. Inama!"

Siku hiyo hiyo aliung'oa mlimau, akakung'uta mizizi taratibu, akaupanda kwenye udongo mpya wenye majani yaliyooza na salfa kidogo ya kupunguza magadi. Toka hapo ukanyweshwa maji ya mvua peke yake. Mara kwa mara tulizunguka bakuli, vichwa vimejaa dawa, kupima tena; povu likibaki jeupe tunapiga vigelegele mpaka wapita njia wanauliza nani kaolewa.

Mvua zilikatika. Wifi akaja kweli, na mwenye mkokoteni nyuma yake. Akakuta majani ya kijani yanang'aa, maua meupe, na nyuki wamejaa. Alizunguka pipa akitafuta walau jani moja la njano. Nami nilimfuata nyuma kana kwamba mti ni wangu.

"Sasa tubebe nini, mama?" aliuliza mwenye mkokoteni.

"Nibebe mimi," alisema wifi, nasi tukaangua kicheko.

Yeye hakucheka. Alivuta tawi moja, akanusa ua, machozi yakamtoka. "Mama alijua anampa nani."

Mama Povu aliweka kitana chini. Alimvutia kiti, akamkalisha kwa mikono miwili, akaanza kumfumua nywele polepole.