Sheria ya Mikono Minane

Kila Jumapili mchana watu wa Samuye walimwona Thobias Bujiku akiondoka kwa baiskeli, mkono wa kushoto kwenye usukani, mkono wa kulia wa shati umekunjwa na kubanwa kwa pini begani, na wakakata shauri kwamba ana mwanamke Ibadakuli. Mke wake, Scolastika, naye aliamini hivyo kwa miezi miwili. Alipochoka kuamini akamuuliza, na jibu alilopewa likamfanya atamani kweli kungekuwa na mwanamke. Mwanamke angemwelewa. Mume wake alikuwa anakwenda kupigana na mazimwi mezani kwa Mwalimu Herman.

Herman alikuwa mwalimu wa hesabu, na alikuwa amesoma darasa moja na Thobias tangu wakiwa wadogo. Mwaka themanini na mbili, Mkanada mmoja wa kujitolea aliyefundisha naye alimaliza muda wake, akamwachia vitu vyote alivyoshindwa kubeba: chandarua, redio isiyosema, na boksi lenye vitabu vitatu na dadu za ajabu, nyingine ya pande nane, nyingine ya pande ishirini. Redio Herman aliitupa. Vitabu alivisoma mwaka mzima, kamusi pembeni, kama mtu anayejiandaa kwa mtihani ambao hakuna atakayemsahihishia.

Ulikuwa mchezo wa kusimulia. Mmoja anakuwa msimulizi, na kila mchezaji ana mtu wake aliyemwandika kwenye karatasi: jina lake, nguvu zake, silaha zake. Msimulizi anasema mmefika mahali fulani, mbele yenu kuna kitu fulani, mnafanyaje? Unasema unachofanya, kisha unarusha dadu, na dadu ndiyo inayoamua kama umeweza. Milima na majumba ya Wazungu yaliyokuwa vitabuni Herman aliyatupilia mbali. Mchezo wake aliupeleka kwenye machimbo ya dhahabu yaliyoachwa, upande wa Geita, mashimo marefu yenye mbao zilizooza, na chini kabisa kukikaa kitu ambacho wachimbaji walikikimbia.

Wachezaji walikuwa watatu. Kulikuwa na Akida, fundi cherehani wa mjini, mtu wa maneno mengi ambaye babu yake alikuja kutoka pwani akifuata reli na hakurudi. Kulikuwa na dada yake Akida, Mwanaidi, muuguzi, aliyekuja mara ya kwanza kumlinda kaka yake asipotezwe na ushirikina, akabaki kwa sababu alikuwa na bahati ya dadu kuliko wote. Na kulikuwa na Thobias.

Mtu wa Thobias aliitwa Mageni. Alikuwa na panga mkono wa kulia na ngao mkono wa kushoto. Wengine walibadili watu wao kila walipouawa, na Akida alikwisha kuua wanne kwa ujinga, lakini Thobias alimtunza Mageni kwa mwaka na nusu bila kumpoteza. Alimlisha, alimfunga kamba kiunoni kabla ya kuteremka shimoni, alihakikisha halali bila zamu. Wenzake walimcheka kwa uoga huo. Hawakuwa wamefikiri kwamba Mageni ndiye aliyekuwa na mikono miwili.

Thobias aliupoteza mkono wake msimu wa pamba wa mwaka sabini na tisa, kiwandani, kwenye mashine ya kuchambulia. Pamba ilikwama, akanyoosha mkono kuivuta kama alivyofanya mara mia, na mara hiyo mashine haikuwa imesimama. Alipotoka hospitali msimamizi alimwambia kwa upole aende nyumbani akapumzike kwanza. Mapumziko hayo sasa yalikuwa yametimiza miaka mitano. Mkono wa kushoto ulijifunza kuandika, kulima kwa jembe la mpini mfupi, kunyoa ndevu, kufunga vifungo. Ulijifunza kila kitu ila kukubalika kwenye sahani moja na watu. Msibani kwa baba yake mdogo alinyoosha mkono huo kwenye ugali, na mzee mmoja wa ukoo akanawa mikono yake upya, akasimama, akasema ameshiba. Hakuna aliyemkemea mzee. Thobias mwenyewe alimwelewa, na hicho ndicho kilichomuuma zaidi.

Sasa tuje kwenye zimwi. Mwezi wa saba mwaka themanini na nne, baada ya kuteremka shimo kwa majuma manane, walikaribia kulifikia. Herman aliwaambia mapema kwamba lina mikono minane, minne kila upande, na kila mkono una panga. Thobias akaliita shing'wengwe, jina ambalo bibi yake alimtishia nalo alipokuwa mtoto, na wote wakalishika jina hilo. Lakini Herman alikuwa na tatizo. Kitabu kilitoa sheria ya mtu anayepiga kwa mikono miwili: mkono ule usio wa kwanza hupunguziwa nne katika kila pigo la dadu. Neno la Kiingereza la mkono huo lilimshinda, akaliandika kwenye daftari lake kama sisi tunavyosema, mkono wa kike, yaani wa kushoto. Kwa hiyo mikono minne ya kushoto ya shing'wengwe nayo ilipaswa kupunguziwa nne nne.

Mwanaidi ndiye aliyeanza. Alitaka kujua kwa nini mkono dhaifu uwe wa kike, na ni mwanamume gani aliyepo hapo mezani aliyewahi kumbeba mgonjwa kutoka kitandani peke yake kama afanyavyo yeye kila siku. Akida akamtania, Herman akajitetea kwamba neno si lake, ni la lugha. Ndipo Thobias, ambaye kwa kawaida hakubishana, akasema sheria yote ni ya uongo.

Aliongea kwa muda mrefu kuliko walivyowahi kumsikia. Alisema mkono wa kushoto hauzaliwi dhaifu, unanyimwa kazi. Mtoto akishika uji nao anapigwa, akipokea kitu nao anapigwa, akifika mtu mzima watu wanashangaa mbona haujui kitu. Shing'wengwe kazaliwa na mikono minane huko shimoni. Nani alimfundisha upi ni wa kulia chakula? Alipomaliza alikuwa anatokwa jasho. Herman, ambaye alikuwa mtu wa haki katika mambo ya karatasi, akapigisha kura. Watatu walikubali, na Akida, aliyegundua kwamba wanamwongezea nguvu adui yao wenyewe, akakubali akicheka.

Thobias hakuishia hapo. Alidai pia sheria ya kukatwa, maana katika kitabu zimwi lingeweza kupigwa siku nzima na mikono yake yote ikabaki mahali pake. Wakaandika: pigo la panga likifika kumi na nane au zaidi, mkono unakatika. Aliyekatwa hupoteza zamu mbili kwa mshtuko, na Thobias akataka ziwe mbili wala si moja, kwa sababu anajua. Mkono uliobaki, uwe wa kulia au wa kushoto, hupiga kwa nguvu zake zote. Na sheria ni moja kwa zimwi na kwa binadamu. Herman aliandika juu ya ukurasa: Sheria ya Mikono Minane. Nadhani Thobias hakuwahi kuwa na furaha kama ile aliyopanda nayo baiskeli jioni hiyo.

Jumapili iliyofuata walipambana. Mwanaidi alirusha ishirini akakata mkono wa kwanza, Akida akakata wa pili kwa bahati tupu. Kisha ikawa zamu ya shing'wengwe, likamgeukia Mageni aliyekuwa mbele na ngao. Herman alipaswa kurusha mara sita, mara moja kwa kila mkono uliobaki. Mapigo matatu ya mikono ya kulia yalipita hewani. Pigo la kwanza la kushoto likatoa kumi na tisa.

Ikarushwa dadu ndogo kuamua ni mkono upi wa Mageni, nambari witiri kulia, shufwa kushoto. Ikatoka tatu.

Wote waliona hesabu ile bila kuambiwa. Kwa sheria ya kitabu, kumi na tisa ya kushoto ingekuwa kumi na tano. Mageni angejeruhiwa, angetoka damu, Mwanaidi angemfunga jeraha kama alivyozoea. Mkono ungebaki.

Herman aliweka kalamu chini. Alisema, akimtazama Thobias machoni kwa wema kabisa, kwamba sheria ni mpya, haijajaribiwa, na wanaweza kurudi kwenye ile ya kitabu kuanzia pigo hilohilo. Akida aliafiki haraka haraka. Mwanaidi alimwita kwa jina la mwanawe, akasema, "Baba Paskazia, hakuna atakayekulaumu," na ungedhani anamwambia mgonjwa.

Thobias aliitazama karatasi ya Mageni. Mwaka na nusu. Ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo kwa kuingia na kutoka mfukoni. Aliutaka mkono ule, tusidanganyane, aliutaka kuliko alivyotaka vitu vingi vya kweli. Lakini bei yake aliiona: ilibidi atamke mwenyewe, mbele ya watu pekee waliowahi kumpigia kura, kwamba mkono wa kushoto ni nusu mkono. Alijiona akirudi Samuye na maneno hayo kinywani.

"Kata," akasema.

Herman akasita, akamuuliza kama ana hakika. Thobias alichukua kalamu ya mwalimu, akafuta mwenyewe kwenye karatasi neno kulia, na chini yake akaandika kwa mwandiko wake mzuri: panga, mkono wa kushoto, nguvu zote. Wenzake wakamvuta Mageni nje ya shimo akiwa amezimia, mchezo ukaishia hapo.

Wiki nzima Thobias alipiga hesabu. Alikaa kwenye kigoda mbele ya nyumba na kurusha dadu ya pande ishirini aliyoazimwa, akiandika kwenye mchanga, huku Scolastika akipita na kupita na kukohoa. Mageni alipoteza ngao, ni hilo tu. Katika kupiga hakupoteza chochote. Mapigo mia kabla, mapigo mia baada, tofauti hakuna. Kadiri alivyohesabu ndivyo huzuni ilivyompungua, mpaka ikafika Ijumaa akaanza kufikiri kwamba huenda Mageni ndiye atakayelimaliza lile zimwi, na kwa mkono huo.

Jumapili alifika mapema. Herman alisimulia: wamelala siku tatu kwenye kibanda cha wachimbaji, Mageni kidonda kimekauka, anasimama. Shing'wengwe limebaki na mikono sita huko chini. Mnafanyaje?

Akida na Mwanaidi walitazamana, na Thobias akajua kwamba walikwisha kuzungumza njiani. Akida alikohoa. Alisema yeye na dada yake wamefikiri, shimo ni refu, ngazi ni za kamba, na vitu vyao vyote viko juu bila mtu. Chakula, taa, dhahabu waliyokwisha kuipata. Kwa hiyo wameona ni vizuri Mageni abaki na mizigo. Ni kazi ya mtu wa kuaminika, aliongeza, na aliongeza kwa sababu alikuwa mtu mwema.

"Anapiga sawasawa na zamani," Thobias akasema. "Kwa sheria, mkono wa kushoto ni mkono kamili."

"Kwa sheria, ndiyo," Akida akasema.

Thobias alimtazama Mwanaidi. Mwanaidi alikuwa anapanga dadu zake mezani, kubwa kwa ndogo, na hakuinua macho. Alimtazama Herman. Herman alikuwa na daftari wazi mbele yake, ukurasa uleule, na angeweza kusema neno. Lakini msimulizi haamui wachezaji wanaenda wapi, na hiyo nayo ilikuwa sheria. Lile zimwi lililokatwa mikono miwili walikuwa bado wanaliogopa. Walikuwa wanateremka na kamba mbili na taa ya akiba kwa sababu ya kuliogopa.

Wakashuka. Walipigana saa mbili nzima, na kwa kweli lilikuwa pambano zuri, Akida akisimama na kupiga meza, Mwanaidi akihesabu kwa vidole. Thobias alikaa kwenye kiti chake na dadu ya pande ishirini kiganjani, imeanza kupata joto. Mara mbili alifungua mdomo aseme kwamba Mageni ameteremka, ameacha mizigo, yuko ngazini. Hakusema. Aliogopa kwamba wangemruhusu, na kwamba wangepigana wakimwangalia asiumie.

Saa kumi na moja zimwi lilikufa. Herman alifuta jasho, akafunga mahesabu ya kila mmoja, kisha kwa kuwa alikuwa mtu wa haki akauliza kama kuna mtu yeyote mezani ambaye hajapata zamu yake.

Thobias akairudisha dadu kwenye boksi, akasema hakuna.