Alama Niliyomnyima Kahindo

Mwanangu, kosa langu la kwanza katika ualimu wa kinanda lilikuwa kumwangusha msichana kwa sababu alipiga vizuri kuliko mimi.

Nakumbuka mchana wenyewe, hapa Butembo, miaka ya vita. Padri alinipa kazi ya kuwapima wanafunzi. Atakayefaulu angekuwa msaidizi wangu na kufanya mazoezi kila siku. Nilikuwa kijana, nimejifundisha peke yangu kwa kitabu cha Kifaransa kilichochanika, nikipiga mstari mmoja hadi vidole vife ganzi. Kukosea mbele ya watu kulininyima usingizi.

Kahindo alikuwa amekimbia kutoka Mbau, ambako baba yake, katekista, alimfundisha kinanda. Sote tulijua kwamba akishindwa, shangazi yake angempeleka Kipese kulima, na huko kinanda hakipo.

Wanakwaya waliimba, naye Kahindo akawapigia. Nilikaa nyuma yake nikitazama vidole. Gumba lilikanyaga vitufe vyeusi, jambo ambalo kitabu changu kilikataza. Kila Mama Masika, mkubwa wa kwaya mwenye kifua kibovu, alipoishiwa pumzi, Kahindo alimngoja kidogo, kisha wakaendelea pamoja. Kwa mara ya kwanza nilimsikia mama yule akifika mwisho wa wimbo. Nilisikia vizuri kabisa, mwanangu, na wivu ukanishika. Nikaandika: vidole vibaya, hafuati tempo, yaani mwendo wa wimbo. Nikamfaulisha Paluku, mwanafunzi mwingine, kwa kuwa nilijua hatanipita kamwe.

Mama Masika alinifuata mlangoni. Hakupandisha sauti.

"Mwalimu, na ule mutoto tuliimba mpaka mwisho. Na weye, tunafikaka pumuzi imeisha. Ile alama ni ya bidole byake, ao ni ya roho yako?"

Nilimjibu kwamba muziki una sheria zake. Akaniambia niendelee kuzipigia hizo sheria, labda siku moja zitaimba.

Nilizunguka na maneno yale wiki nzima, nikijitetea moyoni. Nilipokwenda hatimaye kwa shangazi yake, jirani akasema wameshapanda kwenda Kipese. Baadaye barabara ikafungwa na vita. Sikumsikia tena akipiga.

Sasa nawe umepewa kazi ya kuwapima wanafunzi wadogo zako. Kabla hujaandika alama, jiulize kama ungefurahi mtoto huyo akikupita. Ukiona moyo unasita, mpe mwenzako kalamu, hata kwa aibu. Mungu akupe sikio jepesi, na wanafunzi watakaokuacha mbali.

Wivu bado hunijia, sitakudanganya. Ila siku hizi mwanafunzi anapopiga, sikai tena nyuma yake kutazama vidole. Nasimama kati ya waimbaji, naimba.